Ruhusa Imetoka, Gari Halijaja

Daktari aliniruhusu Jumatatu. Alisimama miguuni mwa kitanda changu, akalifunga faili langu, akasema, "Bibi Kokubanza, sasa nenda nyumbani utuachie kitanda chetu." Nikacheka, akacheka, wodi nzima ikacheka. Jumatatu iliyofuata nilikuwa bado nimekaa pale pale, na hakuna aliyekuwa anacheka tena.

Kungoja kupona nilikuzoea. Unalala, unaamka, unachomwa sindano, jioni inafika. Lakini kungoja kwenda nyumbani wakati umeshapona ni kazi nyingine, na inachosha kuliko kulima. Umeshafunga mzigo. Kikombe kiko mfukoni, kanga ziko mfukoni, sabuni iko mfukoni. Ukitaka kunywa chai unafungua mfuko, unatoa kikombe, unakunywa, unakiosha, unakirudisha, unafunga, maana huenda gari likaja sasa hivi. Gari haliji. Niliufungua na kuufunga ule mfuko mpaka zipu ikakatika, na ilipokatika nilikaa kitandani nikailia zipu. Kweli kabisa, zipu. Nilikuwa nimechoka, jamani.

Niliingia hospitali ya Bukoba wakati watu wanaanika kahawa. Nilikuwa nakata mkungu nyuma ya nyumba, mguu ukateleza kwenye maganda, paja likavunjika. Walinining'iniza mguu kwa kamba na uzito kwa muda mrefu, halafu wakanipasua wakaweka chuma, halafu kidonda kikaingia usaha. Homa ilipanda, wakanitoa wodini wakanipeleka chumba cha wale wanaochungwa usiku na mchana. Ya huko siyajui, kichwa hakikuwa changu. Niliporudi wodini kahawa ilikuwa imeshauzwa na watu walikuwa wanazungumza habari za senene, wale panzi wetu wa kukaanga.

Kwangu ni Kamachumu, wilaya ya Muleba. Si mbali. Mtu akitaka anatoka asubuhi na anarudi kula mchana. Ndiyo maana nilikuwa nawaka.

Aliyekuwa anatakiwa kunichukua ni Datius, mtoto wa mdogo wa marehemu mume wangu. Anakaa Kahororo, pale pale Bukoba, ana gari yake ndogo, na mke wake Consolata ndiye aliyekuwa ananiletea chakula muda wote huo. Siku ya kwanza Datius alisema gari imekufa gia. Nikasema haya, gia ni gia. Kesho yake akasema barabara ya Kamachumu imekatwa na mvua. Nikamuuliza, "Gia imepona?" Akajikuna shingo. Siku nyingine akasema nyumba yangu inapigwa chokaa na harufu yake mbaya kwa mgonjwa. Halafu eti baba yake, yaani shemeji yangu Rutashobya, anaumwa mgongo na lazima awepo kunipokea.

"Datius," nikamwambia, "mimi nimekulea wewe. Unapodanganya unaangalia viatu vyako tangu ukiwa darasa la pili. Niambie kuna nini nyumbani."

"Hakuna kitu, mama mkubwa."

"Basi niangalie."

Akaangalia viatu. Kisha akasema anawahi kazini, akaondoka, na ilikuwa Jumapili.

Na wali! Sijui kama nimesema habari za wali. Tangu nirudi kutoka kile chumba, Consolata alikuwa ananiletea wali. Mchana wali na maharage, jioni wali na maharage. Mimi ni mtu wa ndizi. Nimezaliwa ndani ya migomba Izimbya, nikaolewa ndani ya migomba Kamachumu, wali nakula Krismasi. Nilimbembeleza, "Consolata bojo, migomba yote imekauka huko?" Akasema, "Mama mkubwa, wali upo mwingi, tusiutupe." Umetoka wapi huo wali mwingi, hakusema. Akakusanya vyombo haraka haraka akaenda zake.

Sasa niseme kilichokuwa kinanikaba, maana bila hicho mtaniona bibi kisirani tu. Mimi sikujaliwa mtoto. Mume wangu, Nicholaus, alikufa zamani kidogo, akazikwa nyuma ya nyumba, ndani ya kibanja chake, shamba lake la migomba, kama ilivyo kwetu. Nyumba na kibanja ni vya ukoo wake, nami nimebaki humo nalima, napalilia, naweka mbolea. Mwaka mmoja baada ya msiba niligombana na wifi yangu Alistidia, tukigombania mkungu tu wa ndizi, upuuzi mtupu. Alistidia ana mdomo. Akanisimamia uani akasema, "Wewe huna hata mtoto wa kukushikilia hapa. Siku yako ikifika tutakurudisha kwenu Izimbya wakakuzike!"

Kwetu mahali unapozikwa ndipo kwenu. Hakuna mahali pengine. Na kule Izimbya wazazi wangu wamekwisha, watoto wa kaka yangu nikipita njiani hawanijui. Kwa hiyo yule mama alikuwa ananiambia sina kwetu popote. Maneno yake niliyameza, maana mdomo wake naujua. Lakini Rutashobya alikuwa amekaa pale pale, ndiye mkubwa wa familia sasa, anatia mpini kwenye jembe. Alisikia kila neno. Aliendelea kugonga mpini. Hakunitetea, hakunikataa. Huo ukimya wake niliishi nao miaka yote, nikila nao, nikilala nao, nikimsalimia kwa heshima kila asubuhi "Waitu shemeji," na sijawahi kumuuliza. Niliogopa jibu.

Kwa hiyo mtu wa namna hiyo, akiambiwa kila siku gari halipo, atafikiri nini? Nilifikiri wameshagawana. Kichwani nilimwona Alistidia kwenye jiko langu. Niliona ng'ombe wa mtu amefungwa kwenye mnafu wangu. Nilijua kabisa: mwanamke amekaa hospitali miezi, ukoo umekaa kikao, kibanja kimepata mwenyewe, na sasa hawajui wanitupe wapi.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo Rosalina, mama mmoja wa makamo, mume wake anaitwa Masele, Msukuma, mchuuzi wa samaki. Wanaishi visiwani, upande wa Muleba. Rosalina alikuwa amefanyiwa upasuaji wa tumbo, naye hapendi kunyamaza.

"Mama, hapo kuna jambo," akaniambia, huku anachambua senene kwenye ungo ambao Masele alimletea. "Watu hawapigi danadana bure. Mgonjwa amepona wanamkimbia? Walivyokuja siku ile umetoka kule chumbani hukuwaona?"

Nilikuwa nimewaona. Walikuja wote, Rutashobya na kofia mkononi, Datius, Consolata, hata Alistidia, macho yamevimba. Alistidia alipiga magoti akanishika mguu ule mzima. Alistidia! Nikadhani ni homa yangu ndiyo inanionyesha mambo.

"Dhamiri inawasuta," Rosalina akasema. "Wamekunyang'anya."

"Nyamaza, uchambue senene."

"Nimenyamaza. Ila wamekunyang'anya."

Ijumaa Rosalina naye akaruhusiwa. Yeye daktari alimwambia asubuhi, na kabla ya saa sita Masele amesimama mlangoni, kofia ya pama, jasho tele, anauliza mzigo uko wapi. Nilimwangalia yule mwanaume nikasikia wivu. Wivu wa kweli. Akabeba beseni, akabeba ndoo, akamshika mkewe bega. Wakafika mlangoni. Rosalina akageuka, akaniangalia nimekaa na mfuko wangu wa zipu mbovu, akamwambia mumewe, "Huyu mama anaenda Kamachumu."

"Njia ya Kamachumu nayo inatokea Muleba," Masele akasema. "Twende, mama. Mbele mtakaa wawili."

Nesi Serafina aliuliza kama ndugu zangu wanajua. Nikamwambia, "Ndugu zangu wanajua ninapokaa tangu Jumatatu ya wiki iliyopita." Akanitazama, akanitazama tena, akaniletea magongo yangu. Alinishika mkono mpaka kwenye gari, Mungu ambariki.

Ilikuwa pikapu ya kubebea dagaa, na inanuka ipasavyo. Sikujali. Tulipita kata ya Bakoba, tukatoka mjini, tukapita Kemondo, Muhutwe tukaingia njia ya juu. Barabara ilikuwa nzima. Hakuna mahali ilipokatika, hata kidogo. Kila kona niliyopita salama hasira ilikuwa inapanda, na chini ya hasira woga, na chini ya woga uchovu tu. Rosalina alisinzia begani kwangu. Nilitamani na mimi nisinzie, nifike nikiwa nimelala, wanifanye watakavyo.

Tulipokaribia nikamwonyesha Masele pa kuingilia. Nyumba ilikuwa palepale. Haikupigwa chokaa yoyote. Mlango wangu, dirisha langu lenye kioo kilichopasuka, mnafu wangu haukuliwa na ng'ombe. Migomba ilikuwa imepunguzwa majani vizuri, hata mimi nisingeifanya hivyo. Lakini uani mwangu kulikuwa na mafiga makubwa meusi, mawe ya kupikia watu wengi, na mashimo ya nguzo za turubai. Nikasema moyoni, wamefanya harusi. Mimi nimelala na chuma mguuni, hawa wamecheza ngoma uani kwangu!

Alistidia akatokea jikoni na sufuria. Akaniona nimesimama kwenye magongo. Sufuria ikaanguka.

"Waitu! Asipite nyuma!" akapiga kelele. "Rutashobya! Mzuieni, asipite nyuma ya nyumba!"

Sasa mtu akiniambia nisipite nyuma ya nyumba yangu mwenyewe, nitapita wapi? Nilipita nyuma. Kwa magongo, kwenye matope, Masele ananifuata mikono mbele anaogopa nisidondoke, Alistidia anatuita huku analia. Nikazunguka kona ya jiko, nikafika kaburini kwa Nicholaus.

Kando ya kaburi la Nicholaus kulikuwa na shimo. Lilikuwa limefunikwa bati na majani ya migomba, na upepo ulikuwa umesogeza bati moja. Ndani kulikuwa na maji kidogo, na upande mmoja udongo umemomonyoka. Udongo mwingine ulikuwa umerundikwa pembeni, mvua imeushindilia na magugu yameanza kuota juu yake. Sikuhitaji kuambiwa ni shimo la nini. Nilihitaji kuambiwa la nani.

Rutashobya alifika anahema. Mgongo wake ulikuwa mzima kabisa, alikuja mbio. Aliponiona nimesimama pale ukingoni akakaa chini kwenye majani, mtu mzima na suruali yake safi.

"Nani amekufa?" nikauliza.

Akavua kofia. "Wewe, shemeji."

Masele alirudi nyuma hatua kadhaa, nikamsikia.

Wakanieleza, yeye na Alistidia, mmoja akikwama mwingine anaendelea. Siku ile nilipohamishwa, Datius alikuja saa ya kuona wagonjwa. Akakuta kitanda changu hakina shuka, godoro limesimamishwa ukutani, mhudumu anakiosha kwa dawa. Hakuuliza. Nani kwetu anauliza mbele ya kitanda cha namna hiyo? Alitoka nje akasimama ukutani akalia, akapiga simu nyumbani. Kwetu simu kama hiyo ikiingia, watu wa chama cha kuzikana hawasubiri chai. Jioni ile ile turubai lilikuwa limesimama, mchele na maharage vimekusanywa, wanaume wako nyuma na majembe. Kesho yake Consolata akaenda mochwari na gauni la kunivalisha. Wakatafuta, wakatafuta tena, wakamwambia hatuna mtu huyo. Alinikuta upande wa pili wa hospitali, nimewekewa dripu, natukana.

"Natukana?"

"Ulikuwa unamtukana Alistidia," Rutashobya akasema. "Tulifurahi sana."

Lakini shimo lilikuwa limeshamalizika. Na hili kila mtu kwetu analijua: kaburi lililochimbwa halifukiwi tupu. Unakata mgomba, unaulaza ndani pale mtu alipotakiwa kulala, ndipo unafukia. Mgomba waliukata siku hiyo hiyo, ukaozea pembeni, maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kushika koleo. Kurusha udongo mle ilikuwa kumzika Kokubanza, na Kokubanza yuko Bukoba anadai ndizi. Wakamwita Mchungaji. Mchungaji akasema hizi ni hofu tu, ardhi ni ardhi, fukieni. Wakamwambia, "Haya, Mchungaji, anza wewe." Mchungaji akakumbuka ana kipindi cha kipaimara. Kila siku wakisema kesho, na mimi Bukoba wananiambia gia.

"Hatukutaka ulione," Alistidia akasema, kanga mdomoni. "Mwenye kaburi halioni likiwa wazi."

Nilisimama pale. Kwapa zilikuwa zinauma kwa magongo. Nilikuwa na hasira za wiki nzima kifuani, nimezipanga vizuri, nimezifanyia mazoezi mbele ya Rosalina, na nilipozitafuta sikuziona. Niliangalia lile shimo na kaburi la Nicholaus. Kati yao palikuwa na nafasi ya mtu kupita na jembe tu.

"Nani alichagua mahali hapa?" nikauliza.

Alistidia akaangalia pembeni.

"Mimi," Rutashobya akasema.

"Hakuna aliyesema Izimbya?"

"Walikuwepo."

"Ukawajibu nini?"

Akapangusa kofia yake kwa kiganja, ingawa haikuwa na vumbi. "Sikuwajibu kitu, shemeji. Unanijua, mimi si mtu wa maneno. Nilichukua jembe nikapima kutoka kwa kaka, nikaanza kuchimba. Wakaja wakanisaidia."

Nililia. Sikuficha uso, mikono ilikuwa kwenye magongo. Nililia mbele ya mchuuzi wa samaki na mbele ya Alistidia, nililia miaka yote ile ya kusalimia "Waitu shemeji" na moyo ukiwa juu. Rosalina alikuwa ameshateremka garini na kushika tumbo lake lenye nyuzi, akafika akaniona nalia ukingoni mwa kaburi. "Si nilisema!" akasema. "Wamekunyang'anya!"

"Hawajaninyang'anya," nikamwambia. "Wamenizika."

Maskini, alikaa chini karibu na Rutashobya.

Niliposhindwa kulia tena nilipangusa pua begani, nikaliangalia shimo vizuri.

"Mmechimba fupi," nikasema.

"Fupi?"

"Mimi ni mrefu, Rutashobya. Humu mngenikunja magoti. Na mguu huu una chuma, haukunjiki."

Akaangalia shimo, akaniangalia mimi. Akainuka, akaliomba gongo langu moja, Masele akanishika upande huo. Yule mzee akanipima kwa gongo, kutoka utosini mpaka kisiginoni, mbele za watu, na pale lilipoishia akaongeza kiganja, akaenda kuupima urefu huo kando ya shimo, akasimamisha jiwe kwenye majani kuonyesha unapoishia.

"Siku yako ikifika tutaanzia hapo," akasema.

"Siku yangu ikifika. Leo kateni mgomba."

Aliukata yeye mwenyewe, mgomba ambao ulishazaa, mnene. Yeye na Masele wakaushusha mle taratibu wakaulaza juu ya matope. Kisha wakasimama na makoleo, wakanitazama. Hata Masele, Msukuma, ambaye hayamhusu, alingoja.

Sikuweza kuinama. Alistidia ndiye aliyeinama, akachukua udongo, akauweka kiganjani mwangu. Ulikuwa wa baridi na una mizizi ya magugu. Nikaurusha. Ulianguka kwenye mgomba ukatoa mlio mdogo tu. Basi wakaanza kufukia, na walifukia kwa kasi, watu waliokuwa na shughuli hiyo mioyoni kwa siku nyingi.

Alistidia alinishika kiuno tukarudi mbele ya nyumba. Hakuniomba msamaha, nami sikumdai. Mlangoni akaniuliza kwa sauti ndogo nitakula nini.

"Ule mchele wa msiba wangu umekwisha?"

Akaona haya. "Umebaki kidogo."

"Mpe Rosalina aende nao visiwani. Mimi nimenyee ndizi."

Niliingia ndani. Nyumba ilikuwa na harufu ya kufungwa, na mtu alikuwa ametandika kitanda changu. Nikakaa. Sikujua kama nina nguvu hata ya kuvua viatu. Niliuvuta mfuko, nikatoa kikombe, nikatoa kanga, nikatoa sabuni, vyote nikavitandaza kitandani. Mfuko nikautupa chini ya meza.

Nje walikuwa bado wanashindilia udongo. Jioni simu ya Datius ikaingia kwa baba yake, naye akaniletea mimi niisikilize. Alikuwa hospitali, analia, anasema amekuta kitanda changu hakina shuka.

"Ulimuuliza nesi?" nikamwambia.